Kesho Kampala itafika nyuzi ngapi?

(Nakala ya kipindi kwa ajili ya vikundi vya kusikiliza. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.)

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.)

Leo ni zamu ya historia, lakini hatutaongea wafalme wala vita. Tutaongea namba moja ndogo, ile ninayoisoma kila jioni baada ya matangazo ya chanjo na ya mgao wa chakula: kesho Kampala itafika nyuzi ngapi za joto.

Nianze na kosa langu. Siku moja ya mwezi wa pili, katikati ya kiangazi, nilisoma kwamba Kampala itafika nyuzi 30. Halafu nikaongeza maneno yangu mwenyewe, ambayo hayakuwa kwenye karatasi: "joto la kawaida, hakuna shida." Kipindi chetu hurekodiwa na kutumwa kwa simu hadi kwa ndugu zetu walioko mjini. Mama mmoja wa Katwe, anayetembeza vitenge barabarani, alinisikia. Kesho yake alimwacha mjukuu wake mdogo chumbani pamoja na dada yake wa miaka 11. Chumba chenyewe ni kile Waganda wanachokiita muzigo: chumba kimoja, dirisha moja, bati juu, hakuna dari. Aliporudi alasiri alimkuta mtoto amelegea, mwili unawaka, hajibu akiitwa. Majirani walimtoa nje, wakamlowesha maji, wakamkimbiza zahanati.

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Mama hakunitukana. Alinitumia ujumbe wa sauti, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, zile nyuzi 30 zako zilikuwa za wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma namba hiyo kila jioni bila kujua ilikopimwa wala nani aliitaka kwanza. Kipindi hiki ni jibu langu kwa yule mama. Nakuomba ulisikilize hadi mwisho, kwa sababu ukijua namba hii ilitoka wapi, utajua pia namna ya kuitumia bila kudanganyika.

(Muziki mfupi.)

KISANDUKU CHEUPE

Tuanze na mahali. Unaposikia kwamba leo Kampala imefika nyuzi 30, hakuna mtu aliyepima barabara ya lami, wala soko la Owino, wala chumba chako. Wamepima hewa iliyo ndani ya kisanduku cheupe cha mbao. Kisanduku hicho kinasimama juu ya miguu, usawa wa kifua cha mtu mzima au zaidi kidogo, katikati ya uwanja wa majani mafupi. Kuta zake zina mbavu zilizoinamishwa, kama za dirisha la luva, ili upepo upite na jua lisiingie. Kinaitwa kisanduku cha Stevenson, kwa jina la Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti aliyekibuni katika karne ya 19.

Ndani yake kilikaa kipimajoto cha zebaki chenye ujanja mmoja. Karibu na tumbo la kioo kuna shingo nyembamba. Joto likipanda, zebaki husukumwa ikapita. Joto likishuka, zebaki haiwezi kurudi yenyewe hadi mtu akitikise kipimajoto. Umewahi kuona muuguzi akikung'uta kipimajoto cha kwapani cha zamani? Ujanja ni uleule. Kwa hiyo hata mpimaji akichelewa, zebaki bado inamwonyesha mahali pa juu kabisa ilipofika jana alasiri. Anaandika daftarini, anatikisa, anaondoka. Siku hizi zebaki inaondolewa kwa sababu ni sumu, kufuatana na mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na vipima vya umeme vinachukua nafasi yake. Lakini sheria ya kisanduku haijabadilika: kivuli, hewa inayopita, majani chini.

Kwa nini iwe hivyo? Ili mji mmoja uweze kulinganishwa na mwingine. Ukiweka kipimajoto juani, kinapima jua linavyokichoma chenyewe, na kila kimoja kitasema lake. Ukikiweka kivulini kwa namna moja duniani kote, nyuzi 30 za Kampala na nyuzi 30 za Mumbai zinakuwa kitu kimoja. Ni busara nzuri. Ila tazama kilichoachwa nje: jua lenyewe, bati, chumba kisicho na upepo. Hayo matatu ndiyo yaliyokuwa juu ya kichwa cha mjukuu wa yule mama.

(Muziki mfupi.)

NAMBA HII ILITAFUTWA KWA AJILI YA NANI?

Watu wa hapa walijua majira yao kabla ya kipimajoto kufika. Waganda wana toggo, mvua za kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, na ddumbi, mvua za mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja. Kati yake kuna kyeya, ukame. Mkulima alijua lini apande maharage, na hakuhitaji namba.

Namba zilikuja na wageni, nao walikuwa na shida zao. Mwezi wa pili mwaka 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Kabaka Muteesa wa Kwanza, kwenye vilima ambavyo leo ni Kampala. Alikuwa na vipimajoto mizigoni, na alivitumia pia kwa kuchemsha maji. Unajua sababu? Kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka kwa nyuzi chache zaidi. Pwani yanachemka kwa 100. Kampala, iliyo karibu mita 1,200 juu ya bahari, yanachemka kwa kama 96. Kwa hiyo kipimajoto kilimwambia mgeni urefu wa nchi, apate kuuandika kwenye ramani yake.

Baadaye, upande wa kaskazini, alikuwepo daktari mzaliwa wa Prussia aliyeitwa Eduard Schnitzer, maarufu kama Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kuanzia 1878. Makao yake yalikuwa Lado, kando ya Nile, si mbali na Juba ya leo. Alikusanya ndege na mimea, na aliandika hali ya hewa kwa uangalifu mkubwa. Wewe uliyetoka Juba au Yei, ujue kwamba joto la nchi yako lilianza kuandikwa daftarini miaka mingi kabla nchi hiyo haijapata jina lake la leo.

Lakini kupima joto la leo si kutabiri la kesho. Utabiri wa kutangazwa kwa watu wote ulianzia baharini. Mwaka 1859 dhoruba ilizamisha meli Royal Charter pwani ya Wales, na zaidi ya watu 400 wakafa. Robert FitzRoy, nahodha wa zamani aliyekuwa akiongoza ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza, aliona kwamba habari za simu ya waya zinaweza kutangulia dhoruba. Mwaka 1861 alianza kuonya bandari, na tarehe 1 Agosti mwaka huohuo utabiri wake ukatoka kwenye gazeti la The Times. Siku alizokosea, watu walimcheka. Hata hivyo, mabaharia walitaka aendelee.

Kwetu utabiri ulikuja na ndege. Mwaka 1929 Waingereza waliunda idara moja ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, makao yake Nairobi, chini ya Albert Walter aliyetoka Mauritius. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za ndege zilizopitia Ziwa Victoria, na ndege zake za majini zikawa zinatua hadi Port Bell, bandari ya Kampala. Na rubani ana haja kubwa ya kujua joto. Hewa ya moto ni nyepesi. Mabawa yanapata mshiko mdogo, injini inapungua nguvu, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Mahali palipo juu kama Entebbe, ambako hewa tayari ni nyepesi, nyuzi chache za ziada zinabadilisha uzito wa mzigo unaoweza kubebwa.

Umeona sasa? Mtu wa kwanza kuhitaji namba hii kila siku katika nchi hizi alikuwa rubani. Mchuuzi wa vitenge hakufikiriwa, wala mwanafunzi darasani, wala mama mjamzito kwenye foleni ya maji. Sisemi hivyo kwa lawama. Nasema ili ujue kwamba kifaa hiki kilishonwa kwa mwili mwingine, na sisi tunapaswa kukipunguza na kukiongeza kabla ya kukivaa.

Idara ile ilipita mikononi mwa serikali nyingi. Mwaka 1948 iliingia chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, na mwaka 1967 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Kenya, Tanzania na Uganda zikagawana reli, ndege, posta, na pia hali ya hewa. Uganda ilibaki na idara yake wakati mbaya, kwanza utawala wa Amin, halafu vita. Vituo vingi vilinyamaza. Mpimaji akikimbia, daftari linabaki na kurasa tupu, na kurasa hizo hakuna anayeweza kuzijaza baadaye. Sisi tuliokimbia tunalielewa hilo haraka. Mwaka 2012 sheria ilianzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Hali ya Hewa ya Uganda, na kazi ya kufufua vituo imekuwa ndefu.

(Muziki mfupi.)

NJIA TATU ZA KUBAHATISHA KESHO

Sasa tuseme wewe ndiye mtabiri. Ni jioni, mwezi wa pili. Leo Kampala imefika nyuzi 31. Kesho itafika ngapi?

Njia ya kwanza haina gharama: sema kesho itakuwa kama leo. Usicheke. Hapa kwenye mstari wa Ikweta njia hii inapata mara nyingi. Ulaya, kati ya majira ya baridi na ya joto, namba inapanda na kushuka sana. Kampala, wastani wa joto la juu unatembea kati ya kama 26 na 29 mwaka mzima. Na tafadhali usichanganywe na habari za nje zinazosema Juni na Julai ni miezi ya joto kali. Hiyo ni kwao. Kwetu Julai ni miongoni mwa miezi yenye ubaridi. Joto letu huja Januari na Februari, hadi toggo ianze.

Njia ya pili: fungua madaftari ya zamani, chukua wastani wa mwezi wa pili, useme 29. Njia hii haikosei sana, lakini haioni kitu. Joto kali likija, yenyewe itasema 29 leo, 29 kesho, 29 siku ambayo watu wanaanguka.

Rudi sasa kwenye njia ya kwanza uitazame vizuri. Tuseme joto linakaa siku saba. Siku ya pili, ya tatu, hadi ya saba, anayesema "kesho kama leo" anapata. Anakosea mara mbili tu: siku joto linapoanza na siku linapoisha. Ukihesabu kwa alama za shule, amefaulu vizuri. Lakini siku ile ya kwanza ndiyo mwili haujazoea, maji hayajawekwa ndani, na watoto wameachwa chumbani. Siku hiyo mtabiri huyu hana msaada kwako.

Kwa hiyo ukimsifu mtabiri kwa kuwa hupata siku nyingi, hujamsifu bado. Muulize: siku hali ilipogeuka, ulituambia? Hapo ndipo inapohitajika njia ya tatu, ambayo ni hesabu.

Njia ya tatu ina hadithi ambayo wewe mkimbizi utaipenda. Lewis Fry Richardson alikuwa Mwingereza wa madhehebu ya Quaker, watu wasioshika silaha. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alikataa kupigana, akaenda Ufaransa kuendesha gari la kubeba majeruhi. Kati ya zamu na zamu, akiwa amekaa kwenye lundo la nyasi kavu, alijaribu jambo ambalo hakuna aliyewahi kulimaliza: kuchukua hali ya hewa ya siku moja iliyopita, tarehe 20 Mei 1910, na kuhesabu kwa kalamu itakavyobadilika katika saa sita. Kazi ilimchukua wiki sita. Na jibu lilikosea vibaya. Mgandamizo wa hewa aliopata haujawahi kuonekana duniani.

Tena karatasi zake zilipotea vitani mwaka 1917. Zilipatikana miezi kadhaa baadaye Ubelgiji, chini ya lundo la makaa ya mawe. Angeweza kuzificha kwa aibu. Badala yake alizichapa kitabu mwaka 1922, kosa likiwa ndani, ili wengine wajue mahali alipokwama. Mwaka 1950, huko Marekani, mashine kubwa ya hesabu iitwayo ENIAC ilitoa utabiri wa kwanza wa kompyuta kwa njia iliyotokana na mawazo hayo. Utabiri wa saa 24 ulichukua karibu saa 24 kuhesabiwa. Richardson alikuwa bado hai, na habari zilimfikia.

Leo kompyuta hizo zinagawanya dunia katika miraba. Katika zile nzuri za dunia nzima, mraba mmoja una upana wa kama kilomita 9. Zinapokea habari za setilaiti, za ndege, na za visanduku vyeupe, zinahesabu, na nchi zote zinapata matokeo. Namba ninayoisoma jioni imepita humo, kisha mtaalamu akaitazama.

(Muziki mfupi.)

KWA NINI KAMPALA NI NGUMU

Weka kidole kwenye ramani. Mraba mmoja wa kilomita 9 unameza Kololo, Nakasero, Kisenyi na Katwe kwa pamoja. Kompyuta inaona mahali pamoja, lakini wewe unajua si pamoja. Juu ya kilima kuna miti na upepo. Bondeni kuna bati juu ya bati, na vinamasi kama Nakivubo, vilivyokuwa vikipoza hewa, vimejazwa udongo na nyumba.

Halafu kuna Ziwa. Asubuhi jua linachoma nchi kavu kuliko maji. Hewa ya mjini inapanda, na hewa ya ziwani inaingia kuchukua nafasi yake. Huo ndio upepo wa ziwa. Ukifika mapema, alasiri inakuwa nzuri. Ukichelewa au ukishindwa na upepo mkavu wa kaskazini, joto linapanda. Ndiyo maana Entebbe, iliyozungukwa na maji, huwa na alasiri zenye nafuu kidogo kuliko Kampala.

Na kuna mawingu. Joto la juu kabisa huja kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Wingu zito likitanda saa sita mchana, siku iliyotabiriwa nyuzi 31 inaishia 27. Mawingu yetu hayaji kwa safu ndefu kutoka mbali kama ya Ulaya. Yanachemka palepale, juu ya kilima hiki na si kile. Kompyuta inaweza kusema kwamba leo kutakuwa na mawingu ya namna hiyo, lakini ni vigumu kusema kama yatakuwa juu ya Makindye au juu ya Rubaga.

Jambo la mwisho ni ardhi. Kama kulinyesha juzi, sehemu ya nguvu ya jua inatumika kukausha udongo. Kama hakujanyesha wiki tatu, nguvu yote inaenda kwenye joto. Kwa hiyo ukitaka kumsaidia mtabiri, mwulize mkulima lini mvua ilinyesha mwisho.

Yote haya yakikosewa kidogo kidogo, mtabiri mwaminifu hasemi "31" kama mtu anayesoma bei ya sukari. Anasema "kati ya 29 na 32." Nilikuwa nikidhani ni woga. Sasa naona ndiyo kusema ukweli.

(Muziki mfupi.)

NAMBA INAPOPEWA WATU

Kuna mahali namba hii imeanza kushonwa upya kwa ajili ya watu. Mwaka 2003 joto kali liliua watu zaidi ya 70,000 Ulaya, wengi wao wazee waliokuwa peke yao vyumbani. Kisha Ufaransa ikaweka mpango: utabiri ukifika kiwango fulani, simu zinapigwa, wazee wanatembelewa. Mwezi wa tano mwaka 2010, mji wa Ahmedabad huko India ulipata joto karibu na nyuzi 47, na vifo vya ziada vilizidi 1,300. Mwaka 2013 mji huo ukaanza mpango wake: onyo linatolewa mapema, vituo vya maji vinafunguliwa, wauguzi wanafundishwa dalili.

Jirani yetu pia ameanza. Mwezi wa tatu mwaka 2024 Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu joto lilitabiriwa kufika nyuzi 45. Mwezi wa pili 2025 ilizifunga tena wiki mbili, baada ya wanafunzi kuanguka madarasani Juba. Juba iko chini kuliko Kampala kwa zaidi ya mita 600, na mbali na Ziwa, kwa hiyo joto lake ni jingine kabisa. Lakini mtoto aliyezoea 27 akifungiwa chini ya bati siku ya 32, mwili wake hausomi jina la mji.

Sasa nimjibu yule mama. Mama, nyuzi 30 zilikuwa za hewa ya kivulini, juu ya majani, penye upepo. Bati likipigwa na jua linakuwa jiko juu ya kichwa. Linatuma joto chini, na chumba kisicho na dari wala upepo kinalihifadhi. Kwa hiyo chumba chako hakikuwa nyuzi 30. Kilikuwa zaidi, na mimi niliongeza neno "kawaida" bila kujua chumba chako kikoje.

Unaweza kufanya nini? Fanya wanachofanya watabiri wenyewe. Kompyuta ikikosea kwa nyuzi 2 siku nyingi mfululizo mahali fulani, wanajifunza kuongeza 2. Na nyinyi majirani changeni mnunue kipimajoto cha ukutani. Kitundikeni chumbani, mbali na jiko na mbali na jua la moja kwa moja. Kila siku saa tisa alasiri andikeni kinachosoma, na kando yake namba iliyotabiriwa. Baada ya wiki mbili mtaona tofauti. Tuseme chumba kinazidi kwa nyuzi 5 kila siku. Basi mkinisikia nikisema 31, nyinyi mnasikia 36, na mnajua kesho mtoto hakai humo mchana.

Kazi hiyo ni ya daftari na kalamu, kama ya mpimaji wa kisanduku cheupe. Mtoto wa shule anaiweza. Yule dada wa miaka 11 anaiweza vizuri sana.

Na siku ya joto, kumbuka haya. Kunywa maji kabla ya kiu. Mzee, mtoto mdogo, mama mjamzito na mgonjwa wakae penye kivuli na upepo. Mtu akianza kuchanganyikiwa, akizimia, au mwili ukiwaka na hajibu, hiyo ni hatari ya kifo. Mpeleke kivulini, mloweshe maji mwili mzima, mpepee, mkimbize hospitali. Aliyepoteza fahamu usimnyweshe kitu.

Mimi nami nimebadili ninavyosoma. Kuanzia sasa nitasema namba ya chini na ya juu. Nitasema kama kesho inazidi leo, kwa sababu siku ya kugeuka ndiyo inayohitaji onyo. Na nitakukumbusha kila mara kwamba ni joto la kivulini, uongeze la chumba chako. Neno "kawaida" nimelifuta kwenye karatasi yangu.

Tukutane juma lijalo, saa ileile.

(Muziki wa kufunga.)

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

1. Chumba chenu kina joto zaidi saa ngapi, na nani hubaki humo saa hiyo?
2. Mtabiri anayesema "kesho kama leo" anakosea siku zipi? Siku hizo zina hatari gani kwenu?
3. Nani katika kikundi atatunza daftari la joto kwa wiki mbili, na kipimajoto kitatundikwa kwa nani?